Mawe gani yafaa nyuma ya jiko la kuni katika nyumba ya mbao?

Mkaazi_Kinangop

Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua, ambako mwezi wa Julai umande huganda juu ya majani na baridi ya usiku haimruhusu mtu kukaa sebuleni bila moto. Nyumba yetu ni ya mbao za saipresi, kama zilivyo nyingi za huku, sakafu yake ni ya saruji na paa ni la mabati. Tumepata jiko la kuni la chuma, la aina iliyofungwa yenye mlango wa kioo na bomba la kupeleka moshi juu ya paa, na mahali pake pamekwisha kuamuliwa: ni mbele ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha watoto. Nafasi ni finyu, na hata tukijibana, kutoka mgongo wa jiko hadi kwenye mbao zitabaki sentimita 35 tu.

Ninaomba ushauri kuhusu mawe ya kufunika ukuta huo. Mume wangu anapenda Mazeras, yale mawe bapa yanayotoka pwani. Fundi aliyetujengea tangi la maji anasema Ndarugo, jiwe la kujengea, inatosha. Jirani amependekeza jiwe la Kisii akiamini kwamba halidhuriwi na moto. Muuzaji mmoja wa vifaa naye anatusihi tununue karatasi za plastiki zenye sura ya marumaru, ambazo hubandikwa kwa gundi siku moja na kupanguswa kwa kitambaa. Sitaki kuchagua kwa macho peke yake, kwa sababu watoto wanalala upande wa pili wa mbao hizo. Ni jiwe lipi linalostahimili joto kuliko mengine?

Fundi_Mawe

Dada wa Kinangop, umefanya vyema kueleza ukuta ni wa nini kabla ya kutaja mawe, kwa maana wengi huniletea picha ya jiwe na kusahau ukuta. Kwa sababu hiyo ninaomba tuliweke kando kwanza swali lako la mwisho. Karibu kila jiwe la asili linalouzwa Kenya litastahimili joto la ukuta wa nyuma ya jiko. Jiko likiwaka vizuri, uso wa ukuta ulio karibu hufika nyuzi 60 au 80 za Selsiasi, na mahali penye ukaribu mkubwa hupita 100. Hilo si joto la kulishinda jiwe. Chembe za kwatzi zilizomo ndani ya matale (graniti) hubadilika umbo na kutanuka ghafla zikifika nyuzi 573. Jiwe la matumbawe na chokaa huanza kugeuka chokaa ya kujengea karibu na nyuzi 900, kama wanavyojua wachomaji wa chokaa wa Lamu na Unguja wanaopanga magogo kwa siku nzima ili kulifikia joto hilo. Sebule yako haitafika huko.

Kinachoungua ni kile kilicho nyuma ya jiwe. Jiwe halizuii joto, bali hulipitisha: jiwe la matale hupitisha joto takriban mara 20 kuliko ubao mkavu wa msonobari. Ukilibandika moja kwa moja juu ya mbao, jiwe litapata moto mbele, na baada ya saa mbili au tatu litapata moto nyuma, pale linapogusana na ubao, mahali ambapo huwezi kupaona wala kupagusa. Mbao zikikaa karibu na joto la namna hiyo msimu baada ya msimu hukauka kupita kiasi, hubadilika rangi, na joto linalohitajika kuziwasha hushuka chini ya zile nyuzi 250 hadi 300 ambazo ubao mpya huhitaji. Nimewahi kubandua mawe ya mapambo katika nyumba moja ya mlimani, ukuta uliokuwa ukionekana safi kabisa kwa mbele, nikakuta ubao wa nyuma umekuwa mweusi na unavunjika kwa vidole. Mwenye nyumba alikuwa amelipa fedha nzuri kwa mawe hayo akidhani kwamba amenunua usalama.

Kwa hiyo mpangilio wa maswali ni huu: ukuta umejengwa kwa kitu gani, una umbali gani kutoka kwenye jiko, kati ya jiwe na mbao kuna nini, jiwe limeshikwa na nini, na mwisho ndipo tuulize ni jiwe gani. Nitarudi kwenye Mazeras na Ndarugo. Kuhusu karatasi za plastiki zenye sura ya marumaru, ushauri wangu hauna masharti: zisikaribie jiko. Plastiki ya aina hiyo huanza kulainika karibu na nyuzi 80, hujikunja na kubanduka, na ikishika moto hutoa moshi wenye asidi kali unaoumiza mapafu. Zifanyieni kazi mahali pengine.

Mzee_Njabini

Ninasoma kwa makini, na sipingi ufundi wa mtu. Lakini sisi tulikulia katika nyumba za mbao na nyasi, moto ukiwaka katikati ya nyumba juu ya mafiga matatu usiku kucha, na hapakuwa na jiwe ukutani wala bati. Nyumba hazikuungua kila siku. Je, hatumtishi dada huyu bila sababu na kumwingiza katika gharama?

Fundi_Mawe

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na ninaiheshimu. Tazama hata hivyo ni kitu gani kilichoilinda nyumba ile. Moto ulikuwa katikati, mbali na ukuta kila upande, na ulikuwa wazi, kwa hiyo joto lake lilipanda juu pamoja na moshi na kupenya nyasi za paa. Wazee waliitumia njia iliyo bora kuliko zote, nayo ni umbali. Jiko la chuma limebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja: limesogezwa ukutani ili lisichukue nafasi, na pande zake za chuma zinapiga joto kwa mnururisho mahali palepale kwa saa nyingi. Joto la mnururisho halihitaji kugusa. Husafiri kama mwanga na kuupasha moto ubao uliosimama mbele yake. Tungeweza kuliweka jiko la dada katikati ya sebule kama figa, tusingekuwa na haja ya kuandika haya yote.

Mswahili_Minnesota

Ninachangia kutoka kaskazini mwa Marekani, ambako jiko la kuni ni jambo la kawaida na kampuni za bima huuliza maswali mengi kabla ya kukubali nyumba yenye jiko. Hapa hutumika kanuni za chama cha kuzuia moto, NFPA, katika waraka wake wenye namba 211. Kanuni ya msingi ni kwamba jiko lisilo na kibao cha majaribio kutoka kiwandani liwe inchi 36, yaani sentimita 91, kutoka kwenye kitu chochote kinachoweza kuungua. Jiko lenye kibao hufuata umbali ulioandikwa juu ya kibao chenyewe, na umbali huo unaweza kuwa mdogo zaidi. Kwa hiyo, dada, kabla ya yote geuza jiko lako uangalie mgongoni, au soma kitabu kilichokuja nalo.

Umbali huo wa sentimita 91 unaweza kupunguzwa kwa kuweka kinga, lakini si kila kinga ina thamani sawa, na hapa ndipo maneno ya Fundi yanapothibitika kwa tarakimu. Ukijenga ukuta wa tofali au jiwe wenye unene wa inchi tatu na nusu ukiwa umegusana na mbao, unaruhusiwa kupunguza theluthi moja tu, yaani kufika sentimita 61. Ukuta uleule ukisimama ukiwa umeachana na mbao kwa inchi moja, milimita 25, na hewa ikaweza kuingia chini na kutoka juu, unaruhusiwa kupunguza theluthi mbili na kufika sentimita 30. Jambo la kustaajabisha ni kwamba bati jembamba la geji 24 lililowekwa kwa namna hiyohiyo, likiachana na mbao kwa inchi moja ya hewa, hupata punguzo lilelile la theluthi mbili. Kinachofanya kazi kubwa ni ile hewa. Inapopata moto hupanda na kutoka juu, na hewa baridi huingia chini kuchukua nafasi yake, kwa hiyo mgongo wa kinga unapozwa muda wote ambao jiko linawaka.

Zingatieni pia kwamba umbali hupimwa kutoka jiko hadi kwenye mbao, wala si hadi kwenye uso wa kinga. Watu wengi hupima hadi kwenye jiwe, na hivyo hujipunja au hujidanganya.

Mkaazi_Kinangop

Ninawashukuru nyote, na Mzee pia, kwa maana swali lake ndilo nililokuwa nikiulizwa nyumbani. Nimelikagua jiko: lina jina la kiwanda lakini halina maandishi yoyote kuhusu umbali, wala halikuja na kitabu. Kwa hesabu za ndugu wa Minnesota, sentimita 35 zinatosha ikiwa tu nitakuwa na kinga yenye hewa nyuma yake. Je, nibandike Mazeras juu ya bodi ya saruji iliyoachana na mbao, au nijenge ukuta kamili? Na kinga iwe pana kiasi gani? Nilidhani inatosha kufunika upana wa jiko na kuongeza kidogo kila upande.

Fundi_Mawe

Nianze na upana, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hukosewa. Chukua kamba ya sentimita 91. Shika ncha moja kwenye kona ya nyuma ya jiko, vuta ncha nyingine hadi ukutani, na uizungushe kushoto, kulia na juu. Kila mahali ambapo kamba inagusa ubao panapaswa kufunikwa na kinga. Jiko likiwa sentimita 35 kutoka ukutani, kamba itafika sentimita 84 kila upande kupita kingo za jiko. Kama jiko lako lina upana wa sentimita 60, kinga inahitaji upana wa karibu mita 2 na sentimita 30. Huo ni ukuta halisi, na ni vizuri kujua hivyo kabla ya kununua mawe, kwa sababu kipande kidogo cha mapambo nyuma ya jiko huacha pande zote mbili zikipigwa na joto lilelile. Kinga ipande pia kando ya bomba, kwa maana bomba lisilo na ngozi ya pili nalo linahitaji sentimita 46 kutoka kwenye mbao, na pale linapopenya dari lazima liwe kipande maalumu cha bomba lenye kuta mbili na kizuia joto ndani yake. Dari si mada ya uzi huu, lakini siwezi kunyamaza juu yake.

Sasa njia zenyewe. Bodi ya saruji yenye nyuzi, ya milimita 12, iliyofungwa juu ya reli za chuma zinazoitenga na mbao kwa milimita 25, ni njia nzuri kwa mawe mepesi. Tatizo lake ni uzito. Jiwe la matale au la mchanga lenye unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba, na la sentimita 3 hukaribia kilo 75 au 80. Kwa kawaida kanuni za Marekani huruhusu mawe ya kubandikwa bila nanga, yaani bila vishikizo vya chuma, yasizidi kilo 73 kwa mita ya mraba, na huo ni ukuta uliotayarishwa kwa kazi hiyo. Mazeras huuzwa kwa unene usiolingana. Kipande kimoja kina sentimita 1 na nusu, kinachofuata kina 3. Kuvibandika vyote juu ya bodi iliyoshikwa na reli nyembamba, katika nyumba ya mbao inayotanuka na kunywea kwa unyevu, ni kazi ambayo mimi siifanyi ila mteja akubali kuchagua vipande vyembamba pekee na kuongeza reli. Bodi ya jipsamu usiifikirie kabisa. Jipsamu ina maji ndani ya umbo lake, na ikipashwa moto kila siku huyapoteza na kugeuka unga polepole. Watengenezaji wenyewe hawaruhusu itumike mahali panapokaa juu ya nyuzi 52.

Kwa nyumba yako ninashauri ukuta unaojitegemea wa Ndarugo, na ninashauri hivyo kwa moyo wote. Ndarugo ni jiwe la majivu ya volkano lililoganda, huchimbwa upande wa Juja na Thika, hukatwa kwa mashine na kufika Kinangop kwa lori bila shida. Lina vinyweleo vingi, kwa hiyo hupitisha joto kidogo kuliko matale au marumaru, na ni jepesi kuliko yote hayo mawili. Jiwe la inchi 6, sentimita 15, likisimama milimita 25 kutoka kwenye mbao, litachukua sentimita 17 na nusu kati ya zile 35, na utabakiwa na sentimita 17 na nusu kutoka mgongo wa jiko hadi uso wa jiwe. Hilo linatosha kupitisha mkono na ufagio. Zaidi ya hayo hutahitaji jiwe lingine la kupamba. Ndarugo iliyochaguliwa rangi moja, ikapigwa ukingo kwa patasi na viungo vyake vikachorwa kwa saruji nadhifu, ni uso mzuri kabisa, na ninasikitika kuona tunaifunika kwa vigae katika kila nyumba kana kwamba tunaionea haya.

Uzito wake sasa. Ukuta wa mita 2.3 kwa mita 2, wenye unene wa sentimita 15, utafika tani moja au kuzidi. Sakafu ya nyumba haikujengwa kwa ajili hiyo. Kata sakafu kwenye mstari wa ukuta, chimba hadi udongo mgumu, weka msingi wake wenyewe wenye chuma, kisha ujenge. Katika mstari wa kwanza wa mawe acha matundu wazi ili hewa iingie, na juu usifike darini. Acha nafasi isiyopungua milimita 25. Wakati wa kujenga, weka ubao wa milimita 25 nyuma ya kila mstari na uuvute juu kadiri unavyopanda, ili udongo wa saruji usidondoke na kuziba nafasi ya hewa. Ukuta ufungwe kwenye nguzo za mbao kwa vishikizo vya chuma, viwe pembeni na juu, visiwe nyuma ya jiko lenyewe, kwa sababu chuma hupeleka joto moja kwa moja kwenye ubao.

Mzee_Njabini

Fundi, hapo umenishawishi, hasa kuhusu hewa. Nina swali moja. Nimesikia kwamba ukuta mzito wa mawe hutunza joto na kuipasha nyumba hadi asubuhi. Ni kweli kwa ukuta wa kiasi hiki?

Fundi_Mawe

Ni kweli kwa sehemu, Mzee. Tuseme kilo 500 za jiwe hilo zinapata ongezeko la nyuzi 20, kwa maana sehemu za pembeni hazitapata moto sana. Joto litakalohifadhiwa ni kama uniti 2 na nusu za umeme, yaani chini kidogo ya joto ambalo kilo moja ya kuni kavu hutoa katika jiko zuri. Utalihisi ukikaa karibu saa moja au mbili baada ya moto kuzimika, na ni joto la kupendeza. Halitaivusha nyumba ya mbao hadi alfajiri ya Kinangop. Majiko yanayofanya hivyo, kama yale ya Ufini yanayojengwa kwa jiwe zito la sabuni, hupitisha moshi wenyewe ndani ya mawe kabla ya kuuachia, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Wa_Makete

Shikamoo Mzee, na salamu kwenu nyote kutoka Makete. Baridi yetu ni ndugu wa baridi ya Kinangop. Mimi nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na lipu ya saruji juu yake, kwa hiyo hakuna mbao za kuungua. Je, mimi niko huru kubandika jiwe lolote? Nimevutiwa na mawe ya Tanga, yale bapa, na pia nimeona marumaru iliyong'arishwa Iringa mjini. Fundi wa hapa anataka kutumia gundi ya tailizi ya kawaida.

Fundi_Mawe

Ndugu wa Makete, kwako maswali ya kwanza yamekwisha kujibiwa na tofali, mradi uhakikishe kwamba upande wa pili wa ukuta huo hakuna kabati au fremu ya mlango iliyobanwa kwenye tofali, na kwamba kingo za dari ziko mbali. Kwako jambo kubwa ni jiwe limeshikwa na nini.

Gundi nyingi za kawaida za vigae zina viungo vya plastiki vinavyozipa mshiko, na viungo hivyo hulegea ukuta ukikaa katika joto la nyuzi 70 au 80 kwa muda mrefu. Kipande hakianguki siku ya kwanza. Huanza kutoa sauti tupu ukikigonga, kisha msimu wa pili au wa tatu hushuka kikiwa na pembe zake zote juu ya jiko na kioo chake. Tafuta gundi ya saruji inayonyumbuka ambayo mfuko wake umeandikwa wazi kiwango cha joto inachostahimili baada ya kukauka, usome kiwango hicho mwenyewe, na usikubali ile ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa. Kama huipati, udongo wa saruji na mchanga safi wenye chokaa kidogo, ukibandikwa juu ya wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye tofali, umewashikia babu zetu mawe muda mrefu na hauna cha kuyeyuka ndani yake. Wavu ni wa lazima kwako kwa sababu nyingine pia: tofali zilizojengwa kwa udongo zina mshiko dhaifu kwenye viungo, na lipu iliyo juu yake inaweza kubanduka yote kwa pamoja chini ya uzito wa mawe. Gonga lipu kwa nyundo ndogo kabla ya kuanza. Inapolia utupu, iondoe.

Kuhusu jiwe lenyewe, na hili linamhusu pia yeyote anayependa Mazeras, kwa maana yote mawili ni mawe ya matabaka. Chukua kila kipande, kishike kikining'inia, kigonge kwa rungu dogo la mbao. Kinacholia kwa sauti kali ni kizima. Kinacholia kwa sauti nzito iliyokufa kina ufa ndani, na joto la kila siku litaufungua. Kisha dondosha maji juu yake. Yakibaki juu, jiwe limeshikamana. Yakinywewa mara moja, jiwe lina vinyweleo na lazima likauke vizuri kabla ya kubandikwa, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Ndiyo maana mawe ya mtoni yasiwekwe kamwe ndani ya jiko au mahali panapoguswa na moto wenyewe. Yamelowa hadi moyoni, na hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Ukutani hatari hiyo ni ndogo, lakini pia mviringo wake huyafanya yawe na mshiko mdogo, na mimi siyapendi hapo.

Marumaru iliyong'arishwa itastahimili joto. Itakusumbua kwa masizi na kwa usafi, kwa maana haivumilii ndimu wala siki, na kila tone la asidi huacha doa lisilong'aa. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba si kila kitu kinachouzwa kwa sura ya marumaru ni jiwe. Mabamba ya kwatzi ya kiwandani, yale ya meza za jikoni, yameshikwa kwa utomvu wa plastiki, na utomvu huo hubadilika rangi au kupasuka karibu na nyuzi 150. Kadhalika kuna jiwe jembamba linalokunjika, ambalo ni ngozi ya jiwe iliyobandikwa juu ya kitambaa na utomvu. Geuza bamba uangalie mgongo wake. Ukiona kitambaa, wavu wa plastiki au rangi ya gundi, peleka ukutani pengine.

Kila upande wa uso wa mawe, acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 usiyoijaza saruji, hasa pale jiwe linapokutana na mbao, dari au ukuta mwingine. Jiwe hutanuka kidogo sana, kama milimita moja kwa ukuta wa mita 2 unaopata ongezeko la nyuzi 60, lakini bomba la chuma la urefu huohuo likipanda kwa nyuzi 300 hurefuka milimita 7. Fundi akilishika bomba kwa saruji kwenye mawe, bomba litashinda, na mawe ya hapo yatapasuka.

Mkaazi_Kinangop

Tumekaa na mume wangu tukayasoma yote, na tumekubaliana kujenga Ndarugo, tukaacha Mazeras kwa ajili ya veranda. Yamebaki mambo mawili. Je, Ndarugo, kwa kuwa ina vinyweleo, tuipake varnishi ili masizi na vumbi visiingie? Na jiwe la Kisii, ambalo jirani amelisifu, lina nafasi yoyote? Tungependa angalau kipande chake, kwa sababu mama mkwe anatoka huko.

Fundi_Mawe

Msipake varnishi wala rangi ya mafuta. Zitageuka manjano, zitanuka kila mnapowasha moto, na zitafunga unyevu ndani ya jiwe. Kuna dawa za kupenyeza zinazoingia ndani ya jiwe bila kuacha ngozi juu, zenye asili ya silikoni. Kama zimeandikwa kwamba zinafaa mahali penye joto, zinaweza kupakwa mara moja, ukuta ukiwa umekauka kabisa. Bila hiyo, brashi kavu na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo vinatosha. Masizi ukutani ni habari ambayo mtu anapaswa kuisikiliza: jiko lililofungwa vizuri halipaki ukuta, na mkiona weusi juu ya mlango au kando ya bomba, moshi unavuja, na pamoja na moshi huvuja ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Safisheni bomba kwanza, kabla ya kusafisha jiwe.

Jiwe la Kisii linalochongwa Tabaka ni laini kiasi kwamba msumari hulikwaruza. Kwa hiyo halifai kwa bamba la chini, mahali mnapodondosha kuni na kuburuta ndoo ya majivu. Hilo la chini litengenezeni kwa matale au hata saruji laini, lizidi mbele ya mlango wa jiko kwa sentimita 45 ili kaa likiruka lisianguke kwenye zulia. Msidhani pia kwamba jiwe la Kisii ni sawa na lile la Ufini kwa kuwa yote mawili huitwa mawe ya sabuni. Ni mawe tofauti. Kwa kipande cha heshima ya mama mkwe, ninapendekeza rafu fupi iliyochongwa, iingizwe ndani ya ukuta wa Ndarugo upande wa pembeni, juu ya usawa wa jiko. Nunueni vipande viwili vya jiwe moja, na cha pili mkiweke kando ya jiko la mkaa nje, mkisogeze polepole hadi kipate joto kali kuliko lile la ukutani, kisha mkiache kipoe. Kikibaki kizima bila ufa, mwenzake yuko salama.

Mswahili_Minnesota

Nyongeza moja ya kupima. Kuna kipima joto cha mkono kinachoelekezwa ukutani na kusoma bila kugusa, si ghali. Majaribio ya huku hayaruhusu mbao zipande zaidi ya nyuzi 65 juu ya joto la chumba. Dada, upande wa chumba cha watoto ndio utakaokwambia ukweli: pima hapo, nyuma kabisa ya jiko, baada ya moto mkubwa wa saa tatu.

Fundi_Mawe

Ninakubaliana naye, na hata bila kifaa, mkono wenyewe ni kipimo. Binadamu hawezi kuuacha mkono juu ya kitu kinachopita nyuzi 50 na ushee. Ubao wa upande wa watoto unapaswa kuwa wa vuguvugu tu; ukilazimika kuondoa mkono, zimeni moto, kagueni kama nafasi ya hewa imezibwa na udongo wa saruji au kama mtu ameziba matundu ya chini kwa kuni na viatu.

Kabla ya kupima hivyo, upeni ukuta siku 28 za kukomaa baada ya fundi kuondoka. Siku za kwanza za kuwasha ziwe za vijiti vichache, moto wa nusu saa, ili unyevu uliobaki kwenye viungo utoke taratibu. Mkiona nyufa nyembamba kama unywele kwenye saruji ya viungo, ziacheni zitulie hadi msimu wa baridi uishe, kisha fundi azijaze mara moja. Ufa unaopita katikati ya jiwe, au unaofuata ngazi kutoka jiwe hadi jiwe kuelekea sakafuni, huo unahusu msingi. Nipigieni picha yake hapa, pamoja na picha ya chini ya ukuta, nitawaambia la kufanya.